Maiti haikoromi: uzoefu wangu wa kuomba ushauri wa friji mtandaoni

Nilianza kuandika haya nikiwa nimeshaamua kutoa nyota moja, tena moja kwa sababu sifuri hairuhusiwi. Sasa hivi sijui natoa ngapi.

Ninachokipima hapa si friji. Friji haina kosa, na kampuni iliyoiunda haina kesi na mimi. Napima ile huduma ya bure tunayoikimbilia sote chombo kinapoharibika: kuwauliza watu usiowajua, ambao hawajakiona chombo chako wala hawatakiona, na ambao kesho hawatakumbuka kama uliwahi kuuliza.

Ilikuwa majuzi tu, au tuseme miezi michache nyuma. Tarehe sikuishika, nilishika hasira. Asubuhi nafungua friji, maziwa yamekatika, mboga zimelegea kama kitambaa kilicholowa, na sehemu yote ya chini ina joto la kabatini. Nyuma kompresa inanguruma kama kawaida. Nikaandika kama tuandikavyo wote: "Wadau habari zenu, friji yangu haipoozi, tatizo laweza kuwa nini? Naombeni ushauri." Basi. Sikusema ni ya aina gani wala ina umri gani. Sikusema pia kwamba kule juu, kwenye sehemu ya kugandishia, vitu vilikuwa bado vimeganda vizuri tu. Hilo la mwisho likumbukeni.

Majibu yalikuja haraka, hilo siwanyimi. Wa kwanza: "Ngoja wajuzi waje." Wa pili: "Nami nasubiri hapa, yangu iko hivyo hivyo." Mwingine akasema anaweka kiti kabisa. Wawili wakaanza kurushiana maneno kuhusu kampuni gani inatengeneza friji bora, kama mashabiki wa mpira, wakasahau kwamba mimi nilikuwa na ndoo ya maziwa yaliyoharibika mkononi. Akatokea na yule ambaye hakosekani: "Mimi yangu ina miaka mingi haijawahi kuguswa na fundi." Sasa hilo ni jibu? Mtu anaugulia jino, wewe unamwambia unatafuna mifupa!

Halafu mmoja akasema, "Gesi imeisha hiyo." Chini yake mwingine: "Gesi." Mwingine: "Hapo ni gesi tu mkuu, hakuna kingine." Ikawa kwaya. Mmoja au wawili wakasema kompresa imekufa, nitupe, ninunue nyingine, lakini gesi ilishinda kwa kura nyingi. Na mimi nilihesabu kura. Nilikaa pale nikahesabu kweli, kwa kidole, kana kwamba ugonjwa wa friji unapigiwa uchaguzi. Haikunijia hata kidogo kwamba wa pili alikuwa amemsoma wa kwanza, na wa tatu amewasoma wote wawili. Watu kumi wakirudia neno la mtu mmoja, shahidi bado ni mmoja.

Kilichonimaliza kilikuwa upole. Akaja mtu mstaarabu kuliko wote: "Pole sana ndugu yangu, najua inavyoumiza. Njoo inboksi nikuunganishe na fundi wangu, mwaminifu sana." Nilikwenda mbio. Ukitaka kunishika mimi, nipe pole kwanza.

Fundi akapiga simu jioni, akanisikiliza nusu dakika, akaniambia nichomoe plagi na niache mlango wazi mpaka atakapokuja. Alifika kesho yake mchana. Kwa heshima zote, alikuwa mtu mzuri wa kuongea naye. Aligusa nyuma, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akatoboa bomba akapachika vali ya kuingizia gesi, akajaza gesi. Nikawasha. Jioni chini kulikuwa na baridi ya kuuma vidole. Nilifurahi hadi nikarudi mtandaoni kushukuru hadharani: "Wadau, tatizo lilikuwa gesi. Limekwisha. Asanteni sana, Mungu awabariki." Vidole gumba vikamiminika. Sijawahi kupendwa na watu wengi hivyo kwa siku moja.

Ndipo akaingia yeye.

Hakusalimia. Aliandika, na nanukuu kwa sababu nimeyasoma mara nyingi mpaka yamekaa kichwani: "Gesi haikuwa tatizo. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya gari, inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa. Ikipungua ujue kuna tundu, na fundi wako hakutafuta tundu. Ulichofanya ni kuyeyusha barafu. Itarudi. Watu kama nyinyi ndio mnaowalisha matapeli, mnauliza halafu hamsomi majibu."

Watu kama nyinyi! Nilitetemeka. Mimi nimetoka kushukuru, watu wananipongeza, mtu asiye na picha wala jina la maana anakuja kunivua nguo mbele ya kadamnasi. Nikamjibu kwa povu zito. Nikamwambia wajuaji wa mtandaoni tunawajua, kwamba fundi ameikagua kwa macho yake na kusema kompresa ilikuwa inaelekea kufa kwa kukosa gesi, na kwamba yeye hajaiona hata picha. Akanijibu kwa maneno mawili.

"Maiti haikoromi."

Basi. Akaondoka. Watu wakacheka, wakaweka vile vikatuni vya kutoa machozi ya kicheko. Nilikuwa na nia ya kuandika uzoefu huu usiku ule ule, na kama ningeuandika ungekuwa mfupi: msiulize kitu mtandaoni, wema ni wachache na wenye kiburi ni wengi. Nyota moja. Nilikuwa nimeshaandika hata kichwa cha habari, na hakikuwa cha heshima.

Wiki haikuisha vizuri, au labda zilikuwa mbili. Maziwa yakakatika tena.

Nilisimama mbele ya friji nikaisikiliza inavyokoroma. Kompresa iliyokufa haikoromi, kweli. Nikafungua juu: vimeganda. Chini: joto. Nikawa na hasira ya aina mpya, ile ya kugundua kwamba aliyekutukana alikuwa sahihi. Hiyo ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu huna pa kuipeleka.

Nikarudi kwenye yale majibu, safari hii nikayasoma yote kuanzia juu. Katikati ya kwaya ya gesi, kabla hata ya yule mpole wa inboksi, kulikuwa na swali la maneno mawili ambalo hakuna aliyelipa hata kidole gumba kimoja: "Juu kunaganda?" Lilikuwa lake. Ni yeye yule. Aliuliza siku ya kwanza, kabla ya mtu yeyote kunila hela, na mimi nikalipita kwa sababu halikuwa na "mkuu" wala "pole" wala jibu. Nilitaka jibu. Swali nililiona kama usumbufu.

Wale wenye friji zisizojaza barafu ukutani, kama yangu, wataelewa haraka. Ndani ya sehemu ya kugandishia, nyuma ya kipande cha plastiki, ndiko kuna koili inayotengeneza baridi yote. Feni ndogo inaipuliza baridi ile, nyingine inabaki juu, nyingine inashushwa chini kwa njia ya hewa. Unyevu wa hewa unagandia kwenye koili, ndiyo maana kila baada ya muda kompresa inapumzika na hita iliyo chini ya koili inawaka dakika kadhaa kuyeyusha ile barafu, maji yanashuka kwa mrija hadi kwenye kitreya nyuma, yanakauka yenyewe. Hita ikikataa kuwaka, barafu inajengeka siku hadi siku mpaka inaziba njia ya hewa. Juu kunaendelea kuganda kwa sababu koili iko pale pale. Chini baridi haifiki. Kwa hiyo "juu kunaganda?" si swali la mtu mvivu wa kuandika. Ndilo lililokuwa linatenganisha gesi na barafu, kwa maneno mawili, na mimi jibu nilikuwa nalo tangu asubuhi ile ya kwanza.

Na ile baridi ya jioni iliyonifanya nishukuru mbele za watu? Usiku mzima plagi nje, mlango wazi. Barafu iliyeyuka yenyewe. Kama fundi angekuja akanywa maji akaondoka, friji ingepona vile vile.

Nilipoondoa ile plastiki (baada ya kuchomoa plagi, jamani, msichezee hita na umeme ukiwemo), sikuona koili. Niliona ukuta mweupe. Fundi mwingine, niliyempata kwa njia ya kizamani ya kumuuliza mtu ninayemjua, aliipima hita kwa mita, ikawa nzima. Kilichokufa ni fyuzi ya joto, kidubwana cha ukubwa wa ncha ya kidole kinacholinda hita isizidishe joto; kikifa, hita haiwaki hata kama ni nzima. Akabadilisha, tukamaliza. Kisha akamulika tochi nyuma akaniuliza nani aliyenitobolea bomba. Akanionyesha kibandiko ambacho kimekaa pale miaka yote: aina ya gesi imeandikwa, R-600a, na gramu zake zimeandikwa. Gesi hiyo inashika moto, na friji ya nyumbani inachukua kidogo sana, kwa hiyo haijazwi kwa kukadiria. Yule wa kwanza hakuinama hata kukisoma. Mfumo uliokuwa umezibwa kiwandani bila shida yoyote sasa una vali, na vali ni mahali pengine pa kuvujia. Nililipa nitobolewe.

Kwa hiyo nyota. Kwa ushauri wa yule mwenye mdomo mchafu, tano. Kwa mdomo wenyewe, hakuna. Sikubali kabisa ule usemi wa "ukweli unauma, vumilia". Angeweza kusema vile vile bila ya "watu kama nyinyi". Lakini pia, aliuliza kwanza kistaarabu nikamnyamazia. Hapo ndipo ninapokwama kila nikitaka kumlaani. Na hata hivyo! Maneno mawili bila salamu, nani angejua kwamba hapo ndipo penye dawa?

Kuna kanuni inayohusishwa na Ward Cunningham, Mmarekani ambaye mwaka 1995 alianzisha "wiki" ya kwanza, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaweza kuihariri: ukitaka jibu sahihi kwenye intaneti usiulize swali, weka jibu la makosa. Nilipoisoma niliona ni mzaha. Kumbe mimi niliifanya bila kuijua. Nilipouliza, mtu yule alitumia maneno mawili. Nilipotangaza ujinga wangu kwa furaha, akanipa somo zima la friji bure.

Lakini kinachonikosesha usingizi siku hizi si yeye. Ni ile shukrani yangu. Mwaka 2024 Marekani ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku maoni ya uongo ya wateja, yale ya kubuni na ya kununuliwa, na nilifurahi kama kila mtu. Hanigusi mimi mtu kwa kanuni hiyo. Sikulipwa na mtu. Friji ni yangu kweli, fundi alikuja kweli, baridi ilirudi kweli. Niliandika kwa moyo safi kabisa jambo ambalo halikuwa kweli, na hakuna kipimo cha maoni ya uongo kitakachoninasa. Wale watu kumi wa gesi nao pengine hawakudanganya. Pengine nao waliwahi kuchomoa plagi usiku mmoja, fundi akaja, baridi ikarudi, wakashukuru.

Nilirudi nikaandika marekebisho marefu, nikaeleza koili, hita, fyuzi, kibandiko, kila kitu. Nikamtaja yule bwana kwamba alikuwa sahihi, meno nimeyauma. Marekebisho yamepata vidole gumba vinne, kimoja cha kwangu. Shukrani ya gesi bado iko juu yake na inaendelea kukusanya.

Juzi mtu kaandika chini yake: "Asante sana mkuu, yangu iko hivyo hivyo, fundi wa gesi anakuja kesho." Nikamjibu hapo hapo asimwite, achomoe plagi usiku mmoja aone, na aniambie kwanza kama juu kunaganda.

Akanijibu: "Sasa mkuu, si wewe ndiye uliyesema ni gesi?"