Makumbusho ya Reli Nairobi, kwa jicho la fundi wa malori

Mimi ni fundi wa malori, gereji yangu iko Mariakani, na nikikutana na mashine yoyote huanzia chini: magurudumu, ekseli, uzito umekaa wapi. Rangi na jina baadaye. Kwa jicho hilo nakwambia, kama hujafika Makumbusho ya Reli pale karibu na stesheni kuu ya Nairobi, tafuta siku uende.

Yalifunguliwa 1971. Ndani kuna picha za zamani, vyombo vya behewa la chakula, na vifaa vya stesheni. Wageni wengi hukimbilia lile behewa ambamo simba alimnyakua Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, pale stesheni ya Kima mwaka 1900, wanapiga picha, wanaondoka. Kisa cha simba ni kitamu, sikatai, lakini mali yenyewe iko nje uani, juani.

Nenda moja kwa moja kwa kichwa cha treni namba 5930, Mount Shengena, yule wa rangi ya damu ya mzee. Huyu ni mmoja wa vichwa 34 vya mvuke vya daraja la 59, yaani aina ya 59, ambavyo kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ilivitengeneza mnamo 1955 na 1956, kila kimoja kikapewa jina la mlima. Shengena uko Upare Kusini, Tanzania. Enzi hizo shirika la reli lilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, basi mlima wa Upare ukavuta mizigo ya bandari ya Kilindini na hakuna aliyeuliza. Kati ya wote 34 wamebaki wawili, yeye na 5918 Mount Gelai, na wote wako Nairobi.

Sasa hesabu. Kwetu Mariakani hata mtoto anaijua mizani ya malori. Lori la ekseli saba linaruhusiwa tani 56, gari na mzigo pamoja. Shengena peke yake, kabla hujamfungia behewa hata moja, ana kama tani 252: malori manne na nusu. Treni aliyokuwa akivuta kutoka Mombasa ilikuwa ya tani 1,200, yaani malori 21 yaliyoshiba, na yote hayo yanapanda kutoka baharini mpaka zaidi ya mita 1,600 juu, kwa maji yaliyochemshwa. Hakuna kichwa cha mvuke chenye nguvu zaidi kilichowahi kutengenezwa kwa reli ya upana wa mita moja. Popote duniani.

Lakini reli yenyewe ni nyembamba na ina kona, je, dude la urefu wa karibu mita 32 linapitaje? Hapo ndipo nilipopiga magoti. Herbert Garratt, Mwingereza, alisajili ubunifu wake 1907: unachukua injini mbili, kila moja na silinda na magurudumu yake, moja unaiweka mbele na nyingine nyuma, halafu boila unaining'iniza katikati. Chuchumaa pale boila linapokutana na ile injini ya mbele utaiona jointi. Mtu wa malori ataitambua hapo hapo: ndivyo tela inavyokaa juu ya kichwa, ila hapa kuna kichwa kila upande. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, waliliachia linenepe watakavyo. Kipenyo chake ni kama mita 2.3, juu ya reli zilizoachana mita moja tu! Nilimwambia mpwa wangu asimame kando nipate kipimo, akaonekana kama kisoda.

Ukishainuka, tazama bomba la moshi. Si la duara. Ni jembamba na refu, kama limebanwa pande mbili. Huo ni ubunifu wa Giesl, mhandisi wa Austria: mvuke uliokwisha kazi unatokea kwenye matundu madogo yaliyopangwa mstari, unavuta moshi vizuri zaidi, na moto unawaka kwa mafuta machache. Watu wanaupita bila kuutazama, nami naona ndio ufundi mzuri kuliko wote pale uani.

Kasoro zake ziko wazi. Tani 21 kwa ekseli ni uzito wa kuvunja reli dhaifu, kwa hiyo kazi yake kubwa ilibaki njia kuu ya Mombasa na Nairobi. Anataka maji mengi, na nyika ya Taru, ambako njia hiyo inapita, haina maji. Na kumwamsha asubuhi si kuzungusha ufunguo, ni saa kadhaa za kuwasha moto na kungoja.

Kwa reli nyepesi walikuwapo daraja la 60, Garratt pia, kama tani 11 tu kwa ekseli. 6006 yuko hapo hapo. Hawa walipewa majina ya magavana. Huyu alikuwa Sir Harold MacMichael, wa Tanganyika. Baadaye vibao vya magavana viling'olewa. Milima haikuwa na ubaya na mtu, ikaachwa.

Mpwa wangu yeye alimpenda 3020 Nyaturu, kichwa cha mvuke cha kawaida, kazi ya kampuni ya North British ya Glasgow.

"Mjomba, huyu ndiye naelewa," akasema. "Moto kule, pistoni hapa, gurudumu lile."

Ana haki. Kwa mwanafunzi wa ufundi, Nyaturu ni darasa. Shengena ni chuo kikuu.

Na dizeli je? Wapenzi wa mvuke huinua pua, mimi hapana. Zilianza kuingia mwaka 1960 zikiwa za English Electric, na mwishoni mwa miaka ya 1970 zikaja za General Electric, daraja la 93. Injini yake haigusi magurudumu: inazungusha jenereta, na umeme unaendesha mota zilizo kwenye ekseli. Unaweza kuunganisha vichwa viwili au vitatu, dereva mmoja akaviendesha vyote. Garratt mbili zinahitaji moto mara mbili na watu mara mbili. Hapo mvuke ulishindwa kihalali.

Nyota: Shengena tano, Nyaturu nne, 6006 nne, daraja la 93 tatu na nusu, hiyo nusu kwa sababu ya mngurumo.

Ukitoka Mombasa kwa treni ya Madaraka, shukia Syokimau upande treni ya abiria ya mjini mpaka stesheni kuu. Makumbusho ni mwendo mfupi kwa miguu. Vaa kofia na viatu vilivyofunga, na shati jeupe liache nyumbani kama unakusudia kupanda vyumba vya madereva.