Makumbusho ya Livingstone, Ujiji: anza na uwanja, sanamu baadaye

Wengi wanaokwenda Ujiji hukaa makumbushoni dakika kumi. Wanaingia, wanapiga picha na sanamu, wanatoka wakilalamika kuwa hakuna cha maana. Kosa ni mpangilio wa ziara. Jengo ni dogo, nusu saa inalitosha. Utajiri uko nje, na nje panahitaji asubuhi nzima.

Kutoka Kigoma mjini ni mwendo mfupi wa daladala kupitia Mwanga. Mwambie konda akushushe kwa Livingstone, anapajua. Hapo unaiacha lami na kutembea kuelekea ziwani kama robo saa. Bajaji itakufikisha getini, ila patana kabisa nauli ya kwenda na kurudi kabla hujapanda. Beba kitambulisho, kwani kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Nenda saa tatu asubuhi: kuanzia saa sita jua la Ujiji halina huruma, na kivuli ni cha miembe tu.

Anza na mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika iliyochongwa na kukatwa na msalaba. Bamba lake linasema Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alikutana na Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mskoti, hapa tarehe 10 Novemba 1871, chini ya mwembe. Mwembe wenyewe ulishakufa. Miembe iliyopo inaelezwa kuwa uzao wake. Tarehe nayo ina mgogoro: shajara ya Livingstone inauweka mkutano huo Oktoba. Homa na safari ndefu ziliwavuruga wote wawili hesabu ya siku. Mwombe mwongoza wageni akufafanulie jambo hilo, mazungumzo yatachangamka.

Swali la pili la kumuuliza: mbona ziwa liko mbali hivyo na mnara? Hili ndilo tamu kuliko yote. Miaka ya 1870 maji yalikuwa juu sana. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, nao ulikuwa umezibwa na tope na matete. Karibu na mwaka 1878 maji yakaibomoa ile ziba, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ujiji ikabaki nchi kavu. Ukiwa umesimama mnarani, ukiangalia nyumba zilizojengwa kati yako na ufuo, unaliona jambo hilo kwa macho.

Ndani, sanamu mbili za ukubwa wa mtu zinaonyesha wazungu wawili wakivuliana kofia. Zinavutia, hasa kwa watoto wa shule. Lakini aliyetoka mbio kumlaki Stanley alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na msafara wa Stanley uliongozwa na Sidi Mubarak Bombay. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi huyohuyo, pamoja na mtumishi mwenzake Chuma na wenzao, ndio waliobeba mwili wake mpaka pwani. Ujiji ni mji wa Waswahili na ulikuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa. Susi, Bombay na wenzao wanastahili nafasi kubwa kuliko wanayopewa. Usiondoke bila kuuliza habari zao. Mwongozaji mzuri atakueleza pia jinsi wazungu hao walivyopanda mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa na kukuta mto Ruzizi unaingia ziwani badala ya kutoka, hivyo dhana kwamba mto Nile unapata maji yake kutoka ziwa hili kupitia Ruzizi ikafa.

Ukitoka, endelea na njia mpaka ufukweni. Mafundi wa mitumbwi wanafanya kazi mchana kweupe. Tazama wanavyokalafati: uzi wa pamba uliolowekwa mawese unasukumwa kwa patasi kati ya mbao mbili, kidogo kidogo, mpaka pengo lijae. Pamba ikipwaya, chombo kinavuja. Ikibanwa kupita kiasi, mbao hutanuka zikilowa na kuachana. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Jioni rudi Kigoma mjini, shuka Barabara ya Lumumba hadi stesheni ya Mjerumani. Reli ilifika hapa mwaka 1914, kilomita zaidi ya 1,200 kutoka Dar es Salaam. Kwa reli hii ndiyo ililetwa meli ya Liemba, ikiwa vipande ndani ya makasha 5,000 hivi. Ilishushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Wajerumani wakaizamisha wenyewe Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, isije ikatekwa na adui, lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nene. Ndiyo maana ilipoibuliwa mwaka 1924 iliwezekana kuitengeneza, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Kabla ya kushuka bandarini, ulizia mjini kama ipo na kama wageni wanaruhusiwa kuingia, na kamera ibaki mfukoni mpaka mlinzi aseme ndiyo.