Siku saba kwa wamonaki: nyota nne, ya tano nimeibania makusudi

Niseme mapema mimi ni mlokole, mambo ya watawa nlikuwa nayaona kwenye picha tu, kwa hiyo Wakatoliki mnivumilie nikikosea majina ya vitu. Rafiki yangu ndo alinielekeza kwenye hii nyumba ya mafungo ya wamonaki, mahali pa kujitenga na kusali, baada ya kuchoka kunisikia kila siku nasema nataka kuuza kila kitu nimfuate Yesu, akaniambia kabla hujauza nenda kakae kidogo na watu walioacha kweli. Nikajaza fomu, siku saba, kimya, chumba cha mtu mmoja, na malipo unaweka kwenye bahasha kile unachoweza, hakuna anayeifungua mbele yako.

Mapokezi nayapa kumi kwa kumi. Bruda wa wageni anakuja na kikapu, unaweka simu, saa, laptopu, funguo za gari, anafungia kabatini halafu ufunguo wa kabati anakupa wewe. Hiyo sikuitegemea kabisa, nlijua wananyang'anya kama bweni. Ukiwa na ufunguo mfukoni kila usiku unajua unaweza kwenda kufungua na hakuna wa kukuuliza, yaani ni mateso ya aina yake. Nlikuja pia na mto wangu wa nyumbani kwa sababu ya shingo, nikawa nimeuficha mgongoni kwa aibu, bruda akauona akacheka, akasema huo nenda nao kaka, shingo yako haijaweka nadhiri.

Chumba: kitanda, meza, kiti, msalaba, msumari wa kutundikia nguo. Basi. Ukutani kuna karatasi yenye maneno ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, yaani mwongozo wa maisha ya wamonaki, ile ya karne ya 6, sura ya 55, inataja kabisa mmonaki apewe nini: mkeka, blanketi, shuka, mto, kisha kanzu, viatu, mkanda, kisu, kalamu, sindano, leso, vibao vya kuandikia, ili mtu asipate kisingizio cha kusema kapungukiwa. Na abate, yaani mkuu wa monasteri, akague vitanda mara kwa mara kama kuna aliyeficha kitu chake binafsi. Nikawaza cha kwangu kingekaguliwa zingetoka chaja ngapi. Hakuna kitu cha mtu mmoja pale, bruda mmoja nimemsikia anasema "baiskeli yetu" na kwa siku zote saba sijaona mwingine akiipanda.

Hapo lakini nina kijineno. Mmonaki mmoja mmoja hana kitu, ni kweli, ila monasteri inavyo. Akiugua anatibiwa, akizeeka ana wa kumwogesha, akifa kaburi lipo. Ufukara wenye bima huo jamani, maskini anayegonga geti hana hata kimoja kati ya hivyo. Siku ya tatu nikamwambia bruda hivyo hivyo bila kupaka mafuta (dakika za kuongea na mshauri zipo kila siku, kimya sio cha saa ishirini na nne), hakukasirika wala hakubisha. Akasema ni kweli, ndo maana kuna na nadhiri ya utii, kwa sababu mtu anaweza kutoa mali yote akabaki na kauli ya mwisho mkononi, na huyo hajaacha kitu. Nikaona kama ananisema mimi.

Ratiba sina la kusema sana, kengele inalia kabla ya alfajiri, zaburi, kazi za mikono, zaburi tena. Mwimbaji mmoja anatoka nje ya sauti tangu Jumatatu mpaka Jumapili.

Mada za padri ndo zilinifanya niandike haya maoni. Kwetu huwa tunapewa upande wa kupokea tu, Marko 10:30 nimehubiriwa mara nyingi, utapata mara mia, nyumba na mashamba, na sijawahi kusikia mhubiri anasimama kwenye yale maneno matatu ya mbele yake, "pamoja na udhia". Huyu padri alisimama hapo nusu saa nzima. Kesho yake akaleta habari za Antoni wa Misri, mmoja wa wamonaki wa kwanza, kijana wa karne ya 3, wazazi wamekufa wamemwachia mashamba ya aroura 300, kipimo cha ardhi cha huko, na mdogo wake wa kike wa kulea. Anaingia kanisani anasikia inasomwa enenda ukauze ulivyo navyo, anatoka anagawa, anabakiza kidogo cha dada. Siku nyingine anasikia msisumbukie ya kesho, anatoa na kile cha dada, dada mwenyewe anampeleka kwa mabikira waliojitoa kwa Mungu wamlee, yeye anaanza maisha ya kujinyima hapo hapo nje ya nyumba yake, jangwani alikwenda baadaye.

Dada mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono, kwenye kimya kile, akauliza: huyo binti aliulizwa?

Padri akatulia. Akasema habari zake zinaishia vizuri, Antoni alikuja kumwona tena amezeeka, anaongoza mabikira wenzake, akafurahi. Yule dada akasema asante padri, ila sijauliza iliishiaje. Hamna aliyecheka. Padri akakubali kwamba swali ni la haki, akaongezea mwenyewe kuwa hata Fransisko wa Assisi, yule mtakatifu wa Italia anayesifika kwa ufukara, hela ya kwanza aliyompelekea padri wa kanisa la San Damiano ilitoka kwenye vitambaa vya duka la baba yake, na ugomvi wao ukaishia mbele ya askofu mwaka 1206, kijana akavua mpaka nguo akamrudishia mzee. Kwamba hapo alipovua ndo alianza kutoa cha kwake.

Sasa mimi mke wangu nlimwambia habari ya kuuza gari na kuacha kazi nikiwa mlangoni na begi. Nimeshamwombea, nimeshafunga, nimeshapata na andiko, yeye nikampa taarifa. Usiku huo sikulala, sio sababu ya kitanda. Asubuhi nikaenda na ufunguo wangu, nikamkuta bruda hapo kabatini, nikamwambia nataka kupiga simu, nikajiandaa kujieleza, akasema tu mtandao unashika vizuri pale chini ya mti. Tuliongea muda mrefu. Mengi aliongea yeye. Gari bado lipo, kazi pia, na mazungumzo yanaendelea, akishasema anachotaka yeye ndo tutajua kinauzwa nini.

Nyota ya tano nimeibania kwa sababu ya duka. Huwezi kutoka bila kupita dukani, umetoka kwenye siku saba za kuambiwa usijilimbikizie unakutana na rafu za mishumaa, rozari, vikombe vyenye picha ya monasteri. Naelewa wanajitegemea, Benedikto mwenyewe anataka waishi kwa kazi ya mikono yao, ila mlango ungewekwa upande mwingine. Nilinunua vikombe viwili.

Kama unaenda beba tochi, soksi nzito na daftari. Kama una mwenza ongea naye kabla, sio mlangoni. Na ukijijua unakoroma waambie kwenye fomu wakupe chumba cha mwisho, kuta ni nyembamba na jirani yako hana hata redio ya kukufunika.