Kifaa cha GPS cha kwenda nacho ndegeni: kipi ununue, kipi uache

Ndege ya Dar kwenda Mwanza inakatiza nchi karibu yote: inaacha Pwani, inapita juu ya nyika za Kiteto, inagusa kaskazini ya Singida, kisha ziwa linatokea. Kutegemea njia aliyopewa rubani, mlima Hanang unaweza kubaki kushoto kwako na Ziwa Eyasi kulia. Abiria wa dirishani anayaona yote, ila mara nyingi hajui anachokitazama ni nini. ATR na Dash 8 Q400, ambazo zinabeba watu wengi kwenye safari za ndani, hazina skrini ya ramani kwenye siti. Ndiyo maana swali la kifaa gani cha GPS ununue linaulizwa sana, na ndiyo maana inasikitisha kuona mtu anauziwa kifaa cha mamilioni wakati kinachomfaa tayari kipo mfukoni.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Hela ya kwanza lipia siti ya dirishani. Ya pili nunua bando la kupakua ramani kabla ya safari. Kifaa kipya kiwe cha mwisho, tena kwa sababu maalumu.

Setilaiti za GPS zinazunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na mawimbi yake yanafika duniani yakiwa dhaifu mno. Bodi la ndege nyingi ni la metali, linayazuia. Yanaingia kwa dirishani. Kifaa kinahitaji kusikia setilaiti 4 kwa wakati mmoja ili kijue kilipo na kimo chake, na ukiwa siti ya katikati au ya njiani hata kifaa cha bei kubwa kitahangaika. Mwenye simu ya kawaida dirishani atamshinda mwenye kifaa cha rubani aliyekaa siti ya kati.

Jambo la pili ni kwamba GPS inapokea tu, haitumi kitu. Haili bando, haihitaji laini, na kwenye simu nyingi za sasa inaendelea kufanya kazi hata ukiweka hali ya ndegeni.

Ruhusa nayo tuimalize hapa. Mamlaka ya anga ya Marekani ililegeza masharti ya vifaa vya abiria mwezi Oktoba 2013, na Ulaya ikafuata mwaka huohuo, lakini uamuzi wa mwisho uliachwa kwa kila shirika la ndege. Yapo mashirika ambayo hadi leo yanaweka vipokezi vya GPS kwenye orodha ya visivyoruhusiwa. Soma jarida au kadi ya usalama iliyo mfukoni mwa siti, au muulize mhudumu: "Samahani dada, naruhusiwa kutumia GPS ya simu nikiwa nimeweka hali ya ndegeni?" Akisema hapana, zima. Wakati wa kupaa na kutua, kifaa kikubwa kinahifadhiwa. Kidogo kishike mkononi kama umeruhusiwa.

Nafasi ya kwanza: simu uliyonayo

Simu janja yenye GPS, ikiwa na ramani iliyohifadhiwa ndani, inatosha kwa abiria tisa kati ya kumi. Pakua OsmAnd au Organic Maps, zote zinapatikana bure, kisha shusha ramani ya Tanzania nzima ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi. OsmAnd inakuonyesha kasi na kimo, na inaweza kurekodi njia yote uliyopita ukaiangalia baadaye. Programu zinazofuatilia ndege mtandaoni hazikusaidii hapa, kwa sababu zinataka intaneti.

Ramani za programu hizi zinatoka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na Dar ni jiji lililochorwa vizuri mno humo. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatembeza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi mtaa kwa mtaa wakichora nyumba, mitaro na vichochoro vya maeneo yanayofurika. Matokeo yake unayaona ndege ikipaa kuelekea kaskazini-mashariki: nukta ya bluu inapita juu ya Vingunguti na Buguruni, na kwenye skrini unasoma hadi njia ndogo za waenda kwa miguu.

Sasa siri ambayo wauzaji hawaisemi. Watu wengi huwasha GPS ndege ikiwa tayari angani, wanasubiri, haishiki, wanahitimisha kuwa simu ni mbovu. Kila setilaiti hutangaza taarifa za njia yake kwa sekunde 30, na simu ikikosa kipande inabidi isubiri mzunguko mwingine. Ukiwa chini, mtandao unaisaidia simu kuzipata taarifa hizo kwa haraka. Ukiwa angani, mawimbi yanayumba kila ndege inapoinama, na msaada wa mtandao haupo. Kwa hiyo shika GPS ukiwa bado unasubiri ndege: sogea kwenye kioo, washa data, fungua ramani hadi nukta itulie mahali ulipo, ndipo uweke hali ya ndegeni. Taarifa hizo zinabaki na manufaa kwa saa mbili hadi nne. Kwa safari ya Zanzibar, ambayo dakika chache tu uko angani, usipofanya hivi utafika kabla simu haijajua iko wapi.

Ndani ya ndege, egemeza sehemu ya juu ya simu kwenye kioo cha dirisha, maana kwa simu nyingi antena iko huko. Ukiishusha mapajani unaipoteza. Nukta ikikwama, tulia dakika moja mbili bila kuizungusha.

Namba za kimo zinawachanganya wengi. Rubani akitangaza futi 37,000, simu inaweza kuonyesha kimo kikubwa zaidi kwa mita mia kadhaa. Hakuna aliyekosea. Ndege inapima kimo kwa shinikizo la hewa kwa kipimo kimoja cha dunia nzima, na hewa ya ukanda wetu wa joto imetanuka kuliko kipimo hicho. GPS yenyewe inapima umbali halisi. Kasi nayo ni ya juu ya ardhi, upepo ukiwa umeshahesabiwa, na ndiyo sababu safari ya kwenda na ya kurudi hazilingani.

Nafasi ya pili: Garmin ya mkononi

Hapa ndipo ninapokubali mtu atoe hela, kwa sharti kwamba kifaa kitafanya kazi nyingine akishashuka. Kama unapima shamba Kisarawe, unafanya utafiti wa misitu, au unapanda milima, eTrex 22x ya Garmin, kampuni inayotengeneza vifaa vya GPS, ni chaguo zuri. Inatumia betri mbili ndogo za AA zinazouzwa duka lolote la mtaani, inadumu hadi saa 25, na haigusi chaji ya simu yako. Kioo chake ni kidogo, inchi 2.2, na picha yake si ya kupendeza, ila inashika.

Kuwa makini na mambo mawili. eTrex SE ni ya bei nafuu, karibu dola 150 huko inakotoka, lakini haina ramani ndani yake. Unaona namba na mshale, basi. La pili, Garmin nyingi zinazoletwa na ndugu kutoka nje zina ramani ya kule zilikonunuliwa. Ukiiwasha juu ya Dodoma unaona skrini tupu. Ramani za bure za Afrika Mashariki za OpenStreetMap zinawekwa kwenye kadi ya kumbukumbu, na fundi anayejua kompyuta kidogo anaimaliza kazi hiyo haraka. Mwambie muuzaji akuonyeshe Morogoro kwenye skrini kabla hujalipa.

GPSMAP 65 na 67 zina antena iliyochomoza juu, nazo zinashika vizuri zaidi dirishani zikisimamishwa wima. eTrex ilaze chali, kioo kikitazama juu. Lakini ukiona herufi "i" mwishoni, kama 67i, au jina inReach, jua kifaa hicho kinatuma ujumbe kwa setilaiti. Kutuma ndani ya ndege ni jambo jingine kabisa na kupokea. Kizimwe. Na kama safari yako ni ya India, kiache nyumbani, kwa sababu vifaa vya mawasiliano ya setilaiti vinaweza kukutia matatani kule.

Nafasi ya tatu: kipokezi cha Bluetooth

Hiki ni kidude kidogo kama kiberiti, kinawekwa kwenye ukingo wa dirisha, kinatuma mahali ulipo kwa simu au kishikwambi kupitia Bluetooth. Garmin GLO 2 ndiyo inayojulikana zaidi. Chaji yake inafika saa 13 na inatoa taarifa mara 10 kwa sekunde. Bad Elf nao wanatengeneza.

Kinamfaa nani? Mwenye iPad ya Wi-Fi pekee. Vishikwambi hivyo havina GPS kabisa, na watu wananunua bila kujua. Iliyo na sehemu ya laini ndiyo yenye GPS. Kwa hiyo kama bado hujanunua kishikwambi, ongeza hela uchukue cha laini, na kipokezi hutakihitaji tena. Kwa Android utahitaji programu ya ziada ya kuunganisha, jambo linalowashinda wengi, ndiyo maana nimekiweka hapa na si juu.

Saa janja

Kama unayo tayari, ijaribu. Usiinunue kwa ajili ya ndege. Mkono uko mbali na kioo na antena ni ndogo. Tena saa nyingi zinasoma kimo kwa shinikizo la hewa, na hewa iliyomo ndani ya ndege ni ya kutengenezwa: ndege ikiwa mita 11,000, saa inaweza kukuambia uko mita 2,000 hivi, kwa sababu hicho ndicho kiwango ambacho kabini imewekewa. Ukirekodi safari, chagua aina ya "nyingine". Ukiweka "kukimbia", rekodi zako za mazoezi zinaharibika zote.

Vya kuacha dukani

GPS ya gari haifai. Chaji yake bila kuchomekwa kwenye gari ni ya muda mfupi, na inalazimisha kukuweka barabarani: uko juu ya mbuga, yenyewe inatafuta pa kugeuza.

Kisha kuna vifaa vyenyewe vya marubani, kama Garmin aera 660 na aera 760. Ni vifaa bora, ninaviheshimu, na mwanafunzi wa urubani anayerusha ndege ndogo ana kila sababu ya kuvitamani. Lakini aera 760 ilitoka 2020 kwa dola 1,599. Unacholipia ni data za viwanja, mipaka ya anga na tahadhari za milima, zinazouzwa kwa kanda na zinazotakiwa kuhuishwa kila mara. Abiria hana anachofanya nazo. Ramani yake ya ardhi haikuonyeshi jina la kijiji cha bibi yako, ambalo simu inalo.

Vipokezi vya hali ya hewa na ndege jirani, aina ya Sentry, navyo viache. Hali ya hewa wanayoisifia inarushwa na minara iliyoko Marekani, huku hutaipata.

Kabla ya kulipa na kabla ya kupanda

Ukinunua simu Kariakoo, bonyeza *#06# upate IMEI, uitume kwenda 15090 uhakikishe ni halali. Kisha omba kutoka nje na muuzaji au kijana wake. Usipime GPS kwenye mtaa wa Aggrey katikati ya maghorofa, maana mawimbi yanagonga kuta na kukudanganya. Sogea hadi uwazi wa Mnazi Mmoja. Weka programu ya GPSTest, iache simu ishike nafasi, na uangalie ni setilaiti ngapi zinasikika. Chini ya 10 kwenye anga jeupe, endelea kutafuta simu nyingine.

Kwa safari za Dubai, Doha au Istanbul, usishangae nukta ikiruka ghafla au ikipotea. Baadhi ya maeneo ya Mashariki ya Kati mawimbi ya GPS yanavurugwa kutoka ardhini kwa sababu za kivita, na hakuna kifaa cha abiria kinachokwepa hilo. Rubani ana njia nyingine za kujua alipo.

GPS inakula chaji, kwa hiyo utataka pawabanki. Iwe kwenye begi la mkononi, kamwe isiwe kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100; ya mAh 20,000 ni wati-saa 74 hivi, inapita. Emirates tangu 1 Oktoba 2025 wanaruhusu kubeba moja tu na hawaruhusu kuitumia ndani ya ndege, basi panda simu ikiwa imejaa.

Na siti: ukienda Kilimanjaro kutoka Dar, kaa kulia. Usambara, Pare na mlima wenyewe viko upande huo. Kurudi, kaa kushoto.