Ramones ya 1976 kwenye santuri ya mono: sasa besi na gitaa vimekaa chumba kimoja

Aisee hii albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya punk ya New York, nimeisikiliza miaka mingi kwa simu na hedifoni nikadhani naijua. Juzi ndo nimeweka sindano kwenye ile santuri ya mono, ile iliyotoka 2016 kwenye boksi la kutimiza miaka 40, na ngoma ya kwanza, Blitzkrieg Bop, haijafika hata nusu nishasimama katikati ya chumba, kukaa nimeshindwa.

Ngoja nieleze kwa nini mono, yaani sauti zote zikitoka pamoja bila kugawanywa kushoto na kulia, ni ishu kubwa hapa. Walirekodi Februari 1976 pale Plaza Sound, studio iliyokuwa juu ndani ya jengo la Radio City Music Hall, New York, siku kama saba tu na hela kama dola 6,400, na prodyuza Craig Leon akaigawa bendi mtindo wa santuri za stereo za miaka ya 60: besi ya Dee Dee yote kushoto, gitaa la Johnny lote kulia, drams za Tommy na sauti ya Joey katikati. Kwa hiyo kwenye stereo ukikaa karibu na spika ya kushoto unapata besi tupu na gitaa unalisikia kama liko kwa jirani. Naipenda hivyo hivyo, tena besi nimejifunzia humo, nilikuwa nazima spika ya kushoto alaf napiga mimi badala ya Dee Dee, mpaka vidole vinawaka moto.

Sasa mono imewarudisha wote sehemu moja. Craig Leon mwenyewe ndo kaimiksi upya, na hapo unaelewa kwamba besi na gitaa vilikuwa vinapiga kitu kilekile kwa wakati uleule, vikikaa pamoja inakuwa mlio mmoja mnene unaokusukuma kifuani. Sikiliza Judy Is a Punk, haifiki hata dakika mbili, mkono wa Johnny unashuka tu, chini chini chini, haupandi na nyuzi hata mara moja, na matoazi ya Tommy yanakaa juu yake bila kuumiza sikio. Na Joey jamani. Kwenye I Wanna Be Your Boyfriend anaimba taratibu kama mtu anayeogopa kukataliwa, nilikuwa naupita huo wimbo kumbe ndo moyo wa upande wa A.

Kitu kingine, albamu nzima ni dakika 29 hivi, ngoma 14, saba kila upande, kwa hiyo mifereji ina nafasi ya kutosha na sauti inatoka na nguvu mpaka karibu na lebo ya katikati, pale ambapo santuri zenye muda mrefu huwa zinaanza kukwaruza.

Kava nayo, picha ya Roberta Bayley, watu wanne ukutani na jaketi za ngozi, kwa ukubwa huu unahesabu mpaka matofali.

Malalamiko ninayo. Kwenye hili boksi santuri inakuja na CD tatu, na mtu aliyetaka santuri tu inabidi abebe zote, ingawa ile yenye shoo za ukumbi wa Roxy za Agosti 1976 sitaitoa kwa mtu yeyote, wanapiga kwa kasi kuliko studio. Alaf yalitengenezwa maboksi 19,760 tu, kila moja na namba yake, maana yake sasa hivi unanunua kwa mtu. Niliyenunua kwake alifunga hovyo, kona ya boksi imefika imebonyea, na upande wa B ulikuwa na vumbi hadi ngoma ya 53rd & 3rd ikawa inalia tik tik tik mwanzo mwisho. Nimeiosha mara mbili kwa maji safi na kitambaa laini, imepona, ila mtu anayeuza kitu kama hiki angekiheshimu kidogo.

Kama unapata nafasi ya kuchukua hii mono, chukua, usisite. Santuri yangu ya stereo lakini siiuzi, mdogo wangu kaanza kujifunza besi na nshamuonyesha spika ya kuzima.