Duka la vitabu Kariakoo lililonionesha ukurasa

Mzee wetu alifariki mwezi wa Rajabu, akaacha mke, mabinti wawili na ndugu mmoja wa baba na mama. Siku ya tatu ikatumwa video kwenye grupu la familia: mabinti wasio na kaka wanapata nusu ya mirathi, kinachobaki ni cha baba mdogo. Msemaji hakutaja aya wala kitabu. Mama alikaa kimya tu.

Nikaenda Kariakoo, kwenye duka dogo la vitabu vya dini si mbali na Msikiti wa Mtoro. Muuzaji, mzee wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunipa fatwa. "Mwanangu, mimi nauza vitabu. Nitakuonesha palipoandikwa, kisha mpelekee sheikh wako." Akapanda kigoda, akashusha Fat-hul Qarib, sharhe (ufafanuzi) ya matini ya fiqhi ya Abu Shujaa inayosomeshwa sana kwetu Mashafii, akafungua faraidhi, yaani mlango wa mirathi. Theluthi mbili ni fungu la aina nne za warithi, na wa kwanza kutajwa ni mabinti wawili. Nusu ni ya binti aliye peke yake.

Kisha akanionesha kitabu cha hadithi, Sunan Abi Dawud, hadithi ya sahaba Jabir. Saad bin Rabii aliuawa katika vita vya Uhud, ndugu yake akachukua mali yote, mjane akaenda kushtaki. Mtume (s.a.w.) akaamuru mabinti wawili wapewe theluthi mbili, mama yao thumuni (moja ya nane), kinachobaki kiwe cha ami yao. Machozi yalinitoka pale dukani, maana ni sisi kabisa. Kwa mafungu 24, mimi na dada 16, mama 3, baba mdogo 5.

Nilinunua Fat-hul Qarib, na kwa ajili ya mama Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aisome mwenyewe Nisaa, aya ya 11 na 12.

Upungufu upo. Bei hazijaandikwa, itabidi uulize kimoja kimoja. Fiqhi ya Kiswahili ni chache, na baadhi ya vijitabu havisemi mwandishi katoa wapi maneno yake. Mzee mwenyewe alinitahadharisha navyo, jambo ambalo wauzaji wengi hawafanyi. Adhuhuri wanafunga, kwa hiyo wahini asubuhi.

Sheikh wa msikiti wetu Temeke alisoma ukurasa ule, akathibitisha. Baba mdogo aliomba akae na kitabu wiki moja. Bado kiko kwake.