Kamba nne za kuvutia gari: ipi ya tope la Matamba, ipi ya lami

Habari wadau, karibuni. Mezani leo kuna vitu vinne: mnyororo, waya wa chuma uliosokotwa, mkanda wa poliesta na mkanda wa nailoni. Dukani vyote vinaitwa jina moja, kamba ya kuvutia gari, na shida inaanzia hapo hapo. Muuzaji hakuulizi unakwenda kuvuta nini. Pikapu iliyozama kwenye tope la Matamba, kule Makete, inataka kitu kimoja, na gari bovu linalovutwa kwenye lami kutoka Igawa kwenda Uyole linataka kingine kabisa. Ukivibadilisha, kimoja kitashindwa kazi na kingine kinaweza kuua mtu aliyesimama pembeni akitazama.

Niviondoe mezani mapema hivi viwili vya chuma. Chuma karibu hakirefuki. Gari la mbele likishika, mshtuko wote unakwenda kwenye kitu dhaifu kuliko vyote kwenye mstari ule: pete moja ya mnyororo, ndoano, au hiyo bampa yenyewe. Waya ni mbaya zaidi kwa namna yake, kwa sababu unapovutwa unajaza nguvu kama upinde, na ukikatika unapiga mjeledi. Tazama hapa, nyuzi tatu zimeshachomoka. Waya wenye nyuzi zilizochomoka hautengenezwi, unatupwa. Mnyororo ubaki na kazi yake: kufunga magogo Mafinga, kufunga mzigo usitembee. Huo hauna mshindani. Kuchomolea gari kwenye tope, hapana.

Sasa huu wa nailoni, ndio nitakaokaa nao sana.

Gari lililozama halishikiliwi na uzito wake tu. Tope linalifyonza, na mbele ya kila tairi kuna kingo ya udongo kama ngazi. Ukilivuta polepole kwa kitu kisichorefuka, matairi ya gari linalovuta yanateleza na unachimba shimo la pili. Nailoni inafanya kazi tofauti. Mkanda mzuri wa nailoni hurefuka kama asilimia 20, kwa hiyo huu wa mita 9 unakaribia mita 11 ukijaa. Gari la mbele linaondoka, mkanda unarefuka na kukusanya nguvu, kisha unajikunja na kulivuta la nyuma. Ni kama mtu anayeng'oa muhogo kwenye udongo mgumu: hakwapui, anazidisha nguvu mpaka udongo wenyewe uachie.

Ukubwa wake. Kibandiko kinaandika nguvu ya kukatikia, na inayofaa ni mara 2 hadi 3 ya uzito wa gari jepesi kati ya yale mawili, likiwa na mzigo wake. Hilux ya milango minne ikiwa na mzigo inakaribia tani 3, kwa hiyo mkanda wa tani 8 unatosha. Land Cruiser pikapu iliyojaa viazi, tani 8 hadi 11. Wengi wanadhani mkubwa ni bora daima, kwa hiyo mtu ana Suzuki ndogo anabeba mkanda wa tani 15. Huo kwake ni sawa na mnyororo, maana gari lake halina uzito wa kuurefusha, na mshtuko unarudi kwenye chesisi. Na kwa Fuso yenye magogo, huu wa tani 8 usiutoe hata kwenye mfuko. Hapo itaitwa greda au trekta.

Kabla hujalipa, fanya jaribio moja dogo. Kamba nyingi za rangi kali zinazouzwa kwa jina la nailoni ni polipropilini, plastiki ile ile ya kamba za kufungia mizigo. Omba kipande kidogo cha ncha, kikamue ndani ya maji yenye sabuni mpaka viputo vya hewa viishe, kisha kiachie. Nailoni inazama. Poliesta inazama. Polipropilini inaelea. Ikielea, mrudishie mwenyewe. Angalia pia mshono kwenye vitanzi vya ncha, uwe mnene na umevikwa gamba la kuzuia msuguano. Kibandiko kisichotaja aina ya uzi wala tani za kukatikia hakina la kukuambia.

Lakini mkanda mzuri kuliko yote hauna maana ukiufunga pabaya, na hapa naomba mnisikilize kweli. Usiufunge kamwe kwenye ile mpira ya chuma ya kuvutia trela. Mpira ule umetengenezwa kubeba trela linalovutwa taratibu. Ukipigwa mshtuko shingo yake inakatika, na inaruka kama risasi ikipita kwenye kioo cha mbele. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Usiufunge pia kwenye vile vipete vyembamba vilivyochomelewa chini ya magari mengi yanayotoka Japani. Vile ni vya kulifunga gari lisitembee ndani ya meli. Sehemu halali ni ndoano nene iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi, au kwenye tundu la mraba la kuvutia trela ukishauchomoa mpira wake. Springi, mkono wa usukani, ekseli: hapana, hata kama ndicho kitu pekee mkono unachokifikia kwenye tope. Chimba mpaka uifikie ndoano.

Kinachounganisha mkanda na ndoano ni hii pingu ya chuma yenye pini ya kuzungusha. Soma herufi zilizogongwa kwenye mwili wake. Yenye unene wa milimita 16 huandikwa tani 3.25, ya milimita 19 huandikwa tani 4.75. Huo ndio uzito wa kazi, si wa kukatikia, na kwa pikapu tumia hii ya 4.75. Isiyoandikwa kitu ni pambo. Kaza pini kwa mkono mpaka mwisho, halafu irudishe robo mzunguko, vinginevyo baada ya kuvuta utaitafutia spana na nyundo. Na mikanda miwili haiungwi kwa pingu katikati. Mmoja ukikatika, kile chuma kinakwenda na mwingine. Pitisha kitanzi ndani ya kitanzi, weka gazeti lililokunjwa kwenye fundo ili lisikaze mpaka likatae kufunguka.

Twende kwenye kuvuta kwenyewe. Chukua jembe kwanza. Ondoa ile ngazi ya udongo mbele ya matairi yote manne, na kama difu (lile tumbo la gia katikati ya ekseli) imekalia tope, chimba chini yake. Dakika 15 za jembe zinapunguza nusu ya kazi ya mkanda. Punguza upepo wa matairi ya magari yote mawili mpaka 18 au 20 kwa geji ya PSI, ili tairi lilale na kushika eneo kubwa. Kwenye udongo mwekundu wa Mufindi uliolowa juu lakini mgumu chini, upepo mdogo mno haukusaidii sana, kwa sababu pale tairi linatakiwa likate ule utelezi lifike chini. Na ukipunguza, uwe na pampu ya kuunga kwenye betri. Kurudi kwenye lami na upepo wa 18 ni kulichemsha tairi, na kwenye kona linaweza kutoka kwenye rimu.

Nyoosha mkanda bila kuusokota. Gari la mbele lirudi nyuma mpaka mkanda ulegee mita 1 hadi 2, usizidi. Tandika gunia lililolowa au blanketi zito katikati ya mkanda, ukikatika uanguke chini badala ya kuruka. Watu wote wasogee. Kwa mkanda wa mita 9, mtazamaji akae mita 14 au zaidi, pembeni, kamwe asisimame kwenye mstari wa mkanda wala kuuruka. Utingo pia, kaka, huna kinga ya pekee. Awepo mtu mmoja tu wa kutoa ishara, siyo kijiji kizima kupiga kelele "haya, haya!"

Gari linalovuta: 4L (gia nzito ya kuendesha matairi yote manne), gia ya pili, uondoke taratibu na usizidi kilomita 10 kwa saa. Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya mshtuko inakuwa mara nne, ndiyo maana yule anayerudi nyuma mita tano ili apate kasi ndiye anayevunja vitu. Gari lililozama nalo liwe kwenye gia ya pili, usukani umenyooka, liongeze mafuta kidogo mkanda unapokaza. Lisipotoka kwa mara tatu, simama, chimba tena. Mkanda wenyewe unahitaji kupumzika, maana kila unaporefuka unapata joto ndani na kupoteza unyumbufu.

Kwa wanaokwenda Kitulo: uwanda ule uko kwenye mita 2,600 na zaidi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Yaani Land Cruiser yenye 1HZ, injini ya dizeli isiyo na tabo, inafika kule imepoteza kama robo ya nguvu yake. Wenye mkonga, lile bomba la kuvutia hewa lililopanda mpaka juu ya paa, msinune, ni hewa tu imepungua, na 4L inalifidia hilo. Kuanzia Juni mpaka Agosti alfajiri nyasi za kule zinakuwa nyeupe kwa jalidi, na mkanda ulioachwa ukiwa umelowa nyuma ya pikapu unaamka mgumu kama ubao. Usiutumie hivyo. Nailoni iliyolowa tu imeshapoteza asilimia 10 au zaidi ya nguvu yake, na chembe za barafu zinakata nyuzi kwa ndani. Uingize ndani ya gari, chini ya miguu ya abiria. Madaraja ya mbao nayo asubuhi hizo yanateleza kuliko tope, kwa hiyo yavuke ukiwa umenyoosha usukani, bila breki, bila kuongeza mafuta.

Mtu ataniuliza minyororo ya kuvalisha matairi, ile ya theluji. Kwenye tope zito inashika vizuri, nakubali. Ila ikaguliwe kwa mkono kuzunguka tairi zima kuona haifikii mpira wa breki, na ivuliwe kabla ya lami. Kwa safari za kawaida za Makete, pesa hiyo nunulia pampu.

Nimefika kwenye huu wa poliesta, na kwake nitakuwa mfupi. Poliesta hairefuki sana, ndiyo sababu ndiyo inayofaa kulivuta gari bovu barabarani. Ukilivuta kwa nailoni, gari la nyuma linacheza: linabaki, linakwapuliwa, linakuja kukugonga. Chukua mkanda wa mita 4 au 5. Anayeendesha la nyuma ndiye mwenye kazi kubwa, maana anagusa breki kidogo kidogo ili mkanda usilegee. Aelewe jambo moja kabla hajapanda: injini ikiwa imezimwa, pedali ya breki inasaidiwa mara mbili au tatu tu, kisha inakuwa ngumu kama kukanyaga jiwe, na usukani nao unakuwa mzito. Ufunguo uwe umefungua usukani, usibaki kwenye kufuli. Gari la otomatiki halivutwi likiwa na matairi yanayoendeshwa na injini chini, kwa sababu pampu ya mafuta ya gia inazungushwa na injini. Ikizimwa, gia inazunguka kavu mpaka inaungua. Hilo lipandishwe kwenye brekidauni, au fundi afungue propela, ule mti wa chuma unaopeleka mzunguko wa injini kwenye ekseli.

Kwenye mteremko mkali, hakuna mkanda. Kitonga, Iwambi, zile kona 57 za kutoka Matamba kushuka Chimala: gari la nyuma lisilo na breki za kutosha litalipita la mbele au litaliparamia, na mkanda wowote unavuta tu, hausukumi wala hauzuii. Hapo panatakiwa chuma kigumu cha kuunganisha magari mawili, au brekidauni. Ukisubiri kwenye ukungu, matawi ya miti peke yake hayatoshi, kwa sababu hayang'ai. Weka pembetatu zinazorudisha mwanga, mbele na nyuma, mbali kabla ya kona, siyo hatua kumi kutoka bampa.

Kwa hiyo kwenye kikapu changu: nailoni mita 9 ya tani 8, pingu mbili za 4.75, poliesta fupi, jembe, pampu na geji. Mnyororo ubaki wa mzigo. Ukimaliza kuvuta, osha mkanda kwa maji matupu, kwa sababu chembe za mchanga zikibaki ndani zinasaga nyuzi kila unapoukunja. Uanike kivulini, jua la mchana kutwa linaudhoofisha. Uuweke mbali na betri, maana asidi inaila nailoni. Ukiona mkato ukingoni, hata wa sentimita moja, usiushone. Ukate vipande vya kufungia magunia, ili asije mtu akauokota na kuuvutia gari.

Na usiupakie kwanza. Ukiwa chini ya magunia 20 ya viazi, siku pikapu itakapozama njia ya Isyonje utashusha mzigo wote kwenye tope, kwenye mvua, ukitafuta mkanda.